Karani na Mwenye Deni

Chukua chama cha akina mama cha aina iliyojaa Mtongwe, upande wa Likoni, Mombasa: wanachama ishirini na kitu, mkeka barazani Jumapili baada ya alasiri, birika la chai ya tangawizi, na kaunta buku yenye jalada gumu iliyoviringishwa kwenye kipande cha leso. Kurasa zake zimepigwa mistari kwa rula na kalamu nyekundu: jina, mchango, mkopo, faini, msiba. Kisha pembeni kabisa pana safu nyembamba iliyoongezwa baadaye kwa wino wa buluu, na juu yake neno moja: feri.

Mkazi wa Likoni haelezwi maana yake. Anayechelewa mkutanoni hutozwa shilingi ishirini. Lakini aliyetoka kazini kisiwani akakwama kwenye foleni ya feri, au, enzi za daraja la kuelea la Liwatoni, akalikuta limefunguliwa kupisha meli, hana kosa. Hutiwa alama kwenye safu ile na faini husamehewa, alimradi wenzake wawili wamthibitishie. Sheria hiyo haikutungwa na wakili. Ilizaliwa na ubishi wa siku moja, ikaandikwa papo hapo, na gharama yake ilikuwa rula na wino.

Sasa tuseme chama kimeshauriwa kihamie kwenye simu. Mjukuu wa mweka hazina anapakua programu ya vyama, ya bure, yenye picha nzuri ya sarafu. Inauliza jina. Inauliza kiasi. Inauliza tarehe, kwa miezi ya Kizungu tu, ingawa chama hiki hupeana mchezo mkubwa wa fedha kabla ya Idi na siku hiyo husogea kila mwaka. Halafu inauliza riba ni asilimia ngapi, na haisongi mbele mpaka kisanduku kitiwe nambari.

Hapo ndipo bibi anapovua miwani. Baadhi ya wanachama ni Waislamu wasiokula riba. Wengine ni Wakristo ambao asilimia mbili tatu kwa mwezi haiwanyimi usingizi. Katika kaunta buku jambo hili lilimalizwa zamani kwa mikopo ya namna mbili, kila mmoja na ukurasa wake. Aliyeandika programu ile, pengine kijana mwema tu aliyeketi Nairobi au ng'ambo ya bahari, hakukusudia kutoa fatwa. Ila kisanduku cha lazima ni fatwa, tena isiyotaja jina la mufti wala kupokea swali.

Kwa hiyo swali linalozuka barazani ni la dini na falsafa kabla halijawa la kompyuta. Umbo la chombo ni haki ya nani: aliyekiunda, aliyekinunua, au yule atakayeulizwa kwacho siku ya hesabu?

Kiswahili kina neno moja, chombo, kwa sufuria, kwa patasi na kwa jahazi. Mafundi wa mashua wa Lamu wamejulikana miaka na miaka kwa kuunda bila ramani ya karatasi. Kipimo kiko jichoni na mkononi, na mwenye chombo anaweza kusimama kando ya fundi akataka ubavu uongezwe kidogo kwa sababu yeye ndiye ajuaye atakwenda kuvua wapi. Hajui kushika teso, lakini anajua bahari yake. Fundi hamwambii kwamba toleo jipya litatoka mwakani.

Wanazuoni wa fiqhi walikwisha kuligawa jambo la vyombo vya watu kwa uangalifu mkubwa. Kuna kitu chenyewe, na kuna manfaa yake. Mwenye kupanga nyumba amenunua manfaa. Hana ruhusa ya kubomoa ukuta, na kwa upande mwingine nyumba ikipatwa na janga bila uzembe wake, halipi. Mwenye kuazima yuko katika hali nyingine. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani hii, aliyeazima chombo kikaharibika mikononi mwake huwajibika hata kama hakuzembea, isipokuwa kilichochakaa kwa matumizi aliyoruhusiwa. Ukiitazama programu ya simu kwa macho hayo, hali ya mweka hazina inachekesha kwa uchungu. Hana ruhusa ya kugusa ukuta, kama mpangaji. Lakini hesabu zikikosana, hakuna mwanachama atakayempigia simu mwandishi wa programu, watamshika yeye. Amebebeshwa mzigo wa mwazimaji na kupewa mamlaka ya mpangaji. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na hawakuwa wakizungumzia nguo peke yake.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani haihusu pepo wala moto. Ni aya ya 282 ya Sura ya Baqara, na inahusu kuandika madeni. Inaagiza deni la muda liandikwe, na karani aandike baina ya watu kwa uadilifu, asikatae kuandika maadamu Mwenyezi Mungu amemfundisha. Inaagiza mashahidi. Inaonya watu wasichoke kuandika, deni likiwa dogo au kubwa. Na katikati yake mna sharti ambalo mtu huweza kulipita mbio: anayepaswa kumsemea karani maneno ya kuandika ni mwenye deni. Karani haamui, wala mkopeshaji. Ni yule ambaye haki iko juu yake, na kama ni dhaifu au hawezi, msimamizi wake aseme kwa niaba yake kwa uadilifu. Kitenzi kinachotumika hapo kwa Kiarabu ni ndugu wa neno tulilolizoea darasani, imla.

Mgawanyo huo una akili ya ajabu. Ujuzi wa kalamu uko kwa mmoja. Usemi uko kwa mwingine, aliye mnyonge zaidi katika mkataba. Aya haimwambii mwenye deni aende kwanza akajifunze kuandika. Inamchukulia kwamba huenda hajui, na bado inampa yeye usemi. Ujuzi wa karani unageuka kuwa deni la karani kwa jirani zake.

Makarani hao hawajatoweka, wamebadilisha samani tu. Zamani walikaa nje ya posta na mahakama na mashine zao za taipu. Leo wako kwenye saiba, chumba chembamba chenye kompyuta tatu na mashine ya kuchapisha, na ukutani karatasi iliyoandikwa KRA, NTSA, Good Conduct, HELB. Mwishoni mwa Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha taarifa za kodi inapokaribia, foleni hufika nje. Dereva wa tuktuk anaingia, anataja nambari yake ya kodi na neno lake la siri kwa sauti ambayo jirani wa benchi anaisikia, na kijana wa saiba anabofya. "Umepata mshahara mwaka huu, mzee?" "Wa wapi, mwanangu." Kijana anajaza sifuri. Karatasi inatoka, mzee anaikunja mara nne, anaitia mfukoni. Hakuona kilichoandikwa, aliona kidole cha kijana tu. Imla ilikuwepo, lakini ya neno moja, na fomu haikuwa na nafasi ya la pili.

Je, dawa ni kuwafundisha wote kuandika programu? Kuna wanaosema hivyo kwa bidii ya wahubiri. Wanasahau kwamba mlango una makufuli mawili, na ujuzi ni moja tu. Mnamo 1980 hivi, Richard Stallman, mmoja wa mafundi hodari wa programu waliokuwa katika maabara ya akili bandia ya MIT, Marekani, alikwama mbele ya mashine ya kuchapisha iliyotolewa na kampuni ya Xerox. Ile ya zamani walikuwa wameirekebisha wenyewe: karatasi ikikwama, ujumbe unawafikia waliokuwa wakisubiri. Hii mpya haikuja na maandishi ya programu yake, na mtaalamu mmoja aliyekuwa nayo alikataa kuyatoa kwa sababu alikuwa ameahidi kuyaficha. Stallman alijua kila kilichohitajika. Hakuwa na idhini. Mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU, na humo ndimo lilimokua vuguvugu la programu huru.

Kufuli la idhini likifunguka, watu wasiotarajiwa huingia. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi maonyo. Hawakumpigia mtu magoti. Maandishi ya OpenOffice yalikuwa wazi, na leseni yake iliruhusu.

Idhini nyingine hutoka serikalini, na mfano wake uko hapa hapa, upande wa bara wa Mombasa. Mwaka 2013, wafanyabiashara wadogo wa kijiji cha Bangladesh, Mikindani, walianzisha Bangla-Pesa: karatasi za kubadilishana bidhaa wao kwa wao siku shilingi zinapokuwa haba. Mama mwenye mboga alimlipa fundi cherehani kwa karatasi hiyo, naye fundi akanunulia maji. Haikuchukua muda, Will Ruddick, Mmarekani aliyewasaidia kuibuni, akakamatwa pamoja na baadhi ya wanakijiji. Mashtaka yalifutwa baadaye mwaka huo huo. Unaweza kuona kwa nini benki kuu yoyote ingeshtuka. Unaweza pia kuona kwamba waliotiwa mbaroni walikuwa wamefanya jambo la kawaida sana: walikuta chombo kisichowatosha wakaongeza safu.

Mara nyingine mtumiaji hulazimisha chombo kigeuke bila kushika bisibisi. M-Pesa ilipojaribiwa mwaka 2005 ilikusudiwa iwe njia ya wakopaji wa taasisi ya Faulu kulipa mikopo yao midogo kwa simu. Watu mia chache waliopewa waliitumia kwa mambo yao. Walitumiana pesa wao kwa wao, walilipiana madeni ya kando, waliweka pesa upande mmoja wa safari na kuzitoa upande wa pili ili wasisafiri nazo mfukoni. Waundaji waliona, wakasikiliza, na Machi 2007 Safaricom ilipoizindua rasmi ilikuwa chombo cha kutuma pesa nyumbani. Hadithi hii husimuliwa kama ushindi wa mtumiaji, na ni kweli. Lakini angalia kalamu ilikuwa wapi. Karani alikuwa msikivu. Angekuwa kiziwi, mwenye kutoa imla angefanya nini?

Mwaka wa 6 Hijria, sawa na 628, pale Hudaibiya, Waislamu na Makureshi walikaa kuandika mkataba. Karani alikuwa Ali bin Abi Talib. Suhail bin Amr, mjumbe wa Makka, alipinga jina la Muhammad kufuatiwa na cheo cha utume. Kama wangelikubali hilo, alisema, pasingekuwa na vita vyenyewe. Mtume (S.A.W.) akamwambia Ali afute. Ali, kwa mapenzi, hakuweza kuufanya mkono wake ufute maneno hayo. Mapokezi yaliyomo katika Sahihi Muslim yanasimulia kilichofuata kwa ufupi: Mtume, ambaye hakuwa msomaji, aliomba aonyeshwe mahali yalipo maneno hayo. Akaonyeshwa, akayafuta mwenyewe.

Masheikh hulisimulia tukio hili kufundisha subira na hekima ya suluhu. Lina somo jingine pia. Yule mwenye dhamana ya mkataba hakuhitaji kujua kusoma ukurasa mzima. Alihitaji vitu vitatu: kujua anachotaka kibadilike, kuonyeshwa mahali pake, na mkono wake kuruhusiwa kufika hapo. Karani hodari na mwaminifu kuliko wote alipokataa, tena kwa nia njema kabisa, hayo matatu yalitosha.

Kanisani kuna jambo linalokaribiana na hilo. Mtume Paulo aliwasemea makarani baadhi ya nyaraka zake. Katika Waraka kwa Warumi karani Tertio anajitokeza mwishoni, anatoa salamu zake mwenyewe kana kwamba amechungulia dirishani. Lakini katika Waraka kwa Filemoni, linapokuja suala la hasara au deni la Onesimo, mtumwa wa Filemoni, Paulo anashika kalamu na kusema wazi kwamba ahadi ya kulipa ameiandika kwa mkono wake. Mahali pengine karani aandike. Penye deni, mkono wa mwenyewe.

Basi pengine kipimo cha programu inayomheshimu mtu ni hiki: bibi wa Mtongwe akisema nionyesheni mahali ilipo faini, je, kuna mahali pa kumwonyesha?

Kwa programu nyingi hakuna. Faini iko ndani ya maandishi yaliyofungwa, kwenye kompyuta iliyo nchi nyingine, chini ya sheria za nchi hiyo. Lakini kuna aina moja ya chombo ambayo kwa zaidi ya miaka arobaini imekuwa ikijibu swali hilo bila makuu. Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara Harvard alipomtazama mwalimu akifuta nambari moja ubaoni, kisha akilazimika kufuta na kuandika upya zote zilizoitegemea. Yeye na Bob Frankston walitoa VisiCalc mwaka 1979, jedwali la hesabu la kompyuta ya Apple II, babu wa Excel na majedwali yote ya leo. Ukigusa kisanduku, kanuni iliyoizaa nambari yake inaonekana. Ukiibadilisha, kila kitu kinachoitegemea hubadilika mbele ya macho yako. Mamilioni ya watu wasiojiita waandishi wa programu wameandika programu kwa njia hiyo, na wengi wao wangekataa wakiambiwa ndicho walichofanya.

Wazo hilo limefika kliniki. Mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walianza kutengeneza ODK, programu ya kukusanya taarifa kwa simu iliyopata kazi yake ya mapema Eldoret, kwa wahudumu waliopita nyumba kwa nyumba wakipima virusi vya ukimwi. Baadaye fomu zake zikawa zinaandikwa kwenye jedwali la kawaida. Kila mstari ni swali. Safu ya kwanza ni aina ya swali, ya pili jina lake fupi, ya tatu maneno yatakayoonekana kwenye simu. Muuguzi anaandika mstari: Je, mtoto amepata chanjo ya surua? Mstari wa chini: Kwa nini hakupata? Kisha kwenye safu nyingine anatia sharti kwamba swali hili lijitokeze tu ikiwa jibu la kwanza ni hapana. Anahifadhi, anapakia, na simu za wahudumu wote zinauliza swali jipya. Akigundua kwamba akina mama wa ng'ambo ya kivuko wana sababu ambayo haikufikiriwa, anaongeza mstari mmoja kwenye orodha ya majibu: feri haikuja. Safu ya buluu imerudi.

Pingamizi liko mlangoni, na ni zito. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Jedwali lililomwonyesha kila mtu mahali lilimwonyesha pia mahali pa kukosea. Mwaka 2020, katika wiki moja ya janga la korona, mamlaka ya afya ya Uingereza iliacha nje ya hesabu wagonjwa 15,841, kwa sababu matokeo yalipitishwa kwenye faili la Excel la mtindo wa zamani lisilobeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari ilipojaa, iliyobaki haikulalamika, haikuwepo tu. Watu waliokuwa karibu na wagonjwa hao hawakupigiwa simu kwa wakati.

Mtongwe haihitaji kufundishwa kwamba chombo kina kikomo. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na gati. Ilikuwa na watu wapatao 400, ilhali uwezo wake ulikuwa 300. Watu 272 walikufa. Kuna familia ambazo hadi leo hazipiti hapo bila kunyamaza kidogo. Idadi ya abiria wanaoweza kubebwa si jambo la kupigiwa kura na waliomo foleni, na mtu anayetaka kila kanuni ya kila chombo iwe wazi kurekebishwa na yeyote hajawahi kusimama kwenye gati lile.

Lakini feri na kaunta buku si chombo kimoja. Uzito ambao maji yatabeba, maji ndiyo huamua. Nani asamehewe faini, wanachama ndio huamua. Kosa la programu nyingi ni kuyafunga yote mawili kwa kufuli moja, kana kwamba asilimia ya riba ni sheria ya maumbile.

Na je, hao wanachama wanataka kazi hii? Mama ana samaki wa kukaanga jioni, ana mtoto wa kumvusha kwenda shule. Hana haja ya jedwali. Hapa fiqhi inasaidia kuliko vitabu vya kompyuta. Kuna fardhi ya kila mtu, kama sala, na kuna fardhi ya kutoshelezana, kifaya, kama kumwosha maiti: wakiifanya wachache, wote wameokoka, wasipoifanya hata mmoja, mtaa mzima una lawama. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliitia hesabu katika fungu hilo pamoja na uganga wa magonjwa, na hata ufumaji, ukulima na ushonaji. Mtaa wa leo usio na hata mtu mmoja awezaye kufungua jedwali la chama na kusema kanuni iko hapa, umekosa mshonaji.

Watafiti wamewakuta watu hao bila kuwatafuta. Bonnie Nardi, mwanaanthropolojia wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu watumiaji wanaojiundia programu, alieleza jinsi ofisi zinavyokuwa na mtu mmoja asiye mtaalamu wa kompyuta ila anayependa kuchokonoa, ambaye wenzake humwendea. Kiswahili hakikuhitaji kumbuni mtu huyo. Ni fundi wa mtaani, aliyejifunza kwa kuharibu vya kwake kwanza.

Miaka ya karibuni amekuja karani wa namna nyingine. Mashine za akili bandia zinazozungumza hupokea maelezo kwa lugha ya kawaida na kurudisha programu iliyoandikwa tayari. Mjukuu anaweza kusema: nitengenezee daftari la chama, faini shilingi ishirini, asitozwe mwenye alama ya feri, mikopo ya aina mbili, moja bila riba kabisa. Imla imerudi kwa maana yake halisi, na karani huyu hachoki wala hatoi udhuru kwamba ni siku ya mwisho ya kodi.

Furaha hiyo isimfanye mtu asahau nusu ya pili ya aya ile ya madeni. Karani huyu huandika asichoulizwa, na hukosea kwa mwandiko mzuri. Mwenye kutoa imla hawezi kusoma alichoandikiwa. Ndiyo maana panatakiwa mashahidi, na mashahidi wa chama wanajulikana. Wa kwanza ni kaunta buku yenyewe: zichukuliwe Jumapili kumi na mbili zilizopita, zilizokwisha hesabiwa kwa mkono, ziingizwe upya kwenye simu, jumla zilinganishwe shilingi kwa shilingi. Wa pili ni mwanachama mbishi kuliko wote, yule anayedai kila mwezi kwamba ameonewa, apewe simu aitafutie kasoro. Wakikubaliana hao wawili, wachache watabaki na la kusema.

Basi ifikirie Jumapili nyingine. Chai imepoa. Mweka hazina ameweka simu juu ya magoti, jedwali limefunguka, herufi zimekuzwa mpaka safu tatu tu zinaenea kwenye kioo. Mwanachama mmoja anainua mkono.

"Dada, hapo kwangu naona faini sitini. Ile ya wiki jana ilikuwa feri, sikuchelewa mimi."

"Nani alikuwa nawe?"

Sauti mbili zinajibu kutoka upande wa mlango. Mweka hazina anateremsha kidole, anakosea mstari, anarudi. "Njoo uone mwenyewe, usije ukasema nimekuficha." Mwanachama anasogea, anainama juu ya bega lake, na kidole cha mweka hazina kinagusa kisanduku kilicho chini ya neno feri, kinatia alama. Upande wa kulia, sitini inakuwa arubaini. Wanatazamana. Kisha mweka hazina anafungua leso, anatoa kaunta buku, anatafuta kalamu ya buluu.